Kibao cha Njano cha Fundi Feni

Ukimuuliza Mama Taarifa, yule muuza sabuni, atakuambia kwamba siku ile sanduku lilishuka kutoka mawinguni. Atasema lilitua mbele ya duka la Fundi Feni kwa kishindo, likatoa mwanga wa kijani, kisha likaanza kuongea kwa lugha isiyojulikana. Nywele za fundi zikasimama kama miiba ya nungunungu. Breki, msukuma mkokoteni, akarushwa juu ya paa, akarudi chini akiwa bado ameshika soda yake, wala haikumwagika. Halafu wakaja watu wenye nguo nyeupe ambao miguu yao haikugusa ardhi. Mtaa mzima ukakimbia, isipokuwa mtu mmoja jasiri aliyebaki kulinda mali za watu. Mtu huyo, ukimuuliza Mama Taarifa, alikuwa Mama Taarifa.

Habari hii ni tamu, na wapo wanaonunua sabuni wasiyoihitaji ili tu waisikie tena. Ina kasoro moja. Siku hiyo Mama Taarifa alikuwa chini ya meza ya kibanda chake, beseni la plastiki kichwani, macho ameyafumba. Aliyekuwa amesimama kando ya meza hiyo, macho wazi, ni msichana wa darasa la sita aitwaye Marangi. Yeye ndiye anayejua kilichotokea, maana, tukisema ukweli, yeye ndiye aliyekianzisha.

Marangi alikuwa na jina jingine daftarini, lakini halikutumiwa na yeyote ila mwalimu, tena akiwa amekasirika. Watu walimwita Marangi kwa sababu vidole vyake havikukosa rangi. Akikosa brashi alichora kwa mkaa, akikosa mkaa alichora kwa kidole kwenye vumbi la madirisha ya watu. Kila alasiri akitoka shule alipitia dukani kwa mjomba wake, Fundi Feni, akavua viatu, akafagia, kisha akatenga skrubu kubwa na ndogo kwenye makopo. Duka lenyewe lilijaa feni zisizo na vichwa na vichwa visivyo na feni. Mjomba hakuwahi kutupa kitu. Aliamini kwamba kila chenye waya kina siku yake.

Jambo moja lilimkosesha usingizi mjomba. Duka lake halikuwa na kibao. Wateja wapya walipita wakaenda kwa fundi mwingine, kule mwisho wa mtaa, mwenye picha kubwa ya feni ukutani. Basi siku moja mjomba akaleta ubao, kopo la rangi ya njano na kopo la rangi nyeusi. Akasema, "Haya, mama. Nichoree feni. Mtu akiliona tu, ahisi upepo."

Marangi akachora feni la kwanza. Mjomba akalitazama kwa muda, akainamisha kichwa huku, akainamisha huku.

"Limekaa vizuri," akasema. "Ila mama, huyu ni buibui."

Akachora la pili. Mjomba akasema hilo ni ua, tena limenyauka. La tatu hakulisemea kitu, alicheka mpaka akaketi chini. Marangi akakereka. Usiku akawaza feni, na alipokuwa akiwaza, akaikumbuka ile alama.

Alikuwa ameiona hospitalini. Bibi yake alitibiwa kwa mionzi kwa majuma kadhaa, na Marangi ndiye aliyekuwa akimsindikiza siku za likizo. Kwenye mlango wa chumba cha matibabu palikuwa na alama nzuri ajabu: njano inayong'aa, doa jeusi katikati, na mapanga matatu meusi yaliyolizunguka doa lile kwa mpangilio safi, kama feni lililosimama kupumzika. Marangi aliikodolea macho mpaka nesi akamshika bega.

"Unaipenda, eh?" nesi alimwambia. "Ipende kwa mbali. Alama hii inamwambia mtu arudi nyuma. Humo ndani kuna mionzi. Haina rangi, haina harufu, haina sauti, na ikizidi inaunguza mwili bila moto. Ukiiona alama hii mahali, usiguse, usifungue, kaa mbali, mwambie mtu mzima. Umbali ndio kinga yako. Umesikia?"

"Nimesikia," Marangi alijibu. Alikuwa amesikia, ila akili yake ilikuwa inapima upana wa yale mapanga.

Kesho yake akaichora. Mjomba alipoiona alipiga kofi pajani. "Hili ndilo feni! Umelitoa wapi?"

"Kichwani," akasema Marangi.

Neno lenyewe lilikuwa dogo, na lilitoka kirahisi. Tatizo ni kwamba mjomba aliling'ang'ania. Alimsifu mpwa wake kwa kinyozi, akamsifu kwa fundi viatu, akamsifu kwa mteja aliyekuja kuuliza njia tu. Baadaye, wateja walipozidi, akaanza kusema yeye mwenyewe ndiye aliyebuni kile kibao, na Marangi alimshikia kopo. Marangi hakumsahihisha. Mtu atamkatalia vipi mwenzake kitu ambacho na yeye si chake?

Basi, siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Marangi alitoka shule, akakata kona kwa kinyozi, akamkuta Breki ndani ya duka la mjomba, amekalia kitu, anakunywa soda. Breki alipewa jina hilo kwa sababu mkokoteni wake hauna breki. Akiteremka mlima husimama kwa kupiga kelele.

"Shikamoo mjomba. Shikamoo Breki."

"Marahaba, mama. Njoo uone neema," mjomba akasema. Alikuwa amepiga magoti akipekua sanduku la vifaa. "Kile kibao chetu kinaita mali mpaka barabarani."

Breki akafuta mdomo. "Nimelikuta kule kwenye matuta, karibu na wale wanaounga mabomba makubwa. Kuna gari lilinipita mbio, mlango wa nyuma unapigapiga kama mdomo wa mtu fulani ninayemjua." Hapo akatupa jicho ng'ambo ya barabara, kwa Mama Taarifa. "Likaruka tuta, hiki kitu kikaanguka puu. Nikapiga kelele, dereva hakusikia. Kuangalia, naona alama. Nikasema, ala, si ya fundi hii? Mwingine angelipeleka kwa wanunua vyuma chakavu. Mimi nikalileta kwa mwenyewe."

"Na mwenyewe anashukuru," mjomba akasema. "Maliza soda yako."

Marangi akatazama kile alichokalia Breki. Lilikuwa sanduku la chuma, si kubwa, lina mpini juu na kufuli nene ubavuni. Kati ya miguu ya Breki, juu ya rangi ya njano, yalionekana mapanga matatu meusi.

Marangi, aliyekuwa ameanza kuvua viatu, akavirudisha miguuni.

"Mjomba, kwani hili ni lako?"

"Lina alama ya nani?"

"Lakini hukulipoteza wewe."

"Mama, kitu kikija mlangoni na alama yako usoni, utakifukuza?" Mjomba akainuka, ameshika msumeno wa kukatia chuma. "Hii ni mota. Mota ya feni la kiwanda. Breki amelinyanyua kwa shida, na Breki hunyanyua kabati. Uzito wote huo ni shaba tupu. Nikiliondoa hili kufuli, tutaona."

Maneno ya nesi yakarudi yote, moja baada ya jingine, kama wanafunzi waliochelewa wanaoingia darasani kwa mstari. Usiguse. Usifungue. Kaa mbali. Marangi akarudi nyuma mpaka mlangoni. Alitaka kusema. Lakini akisema, mjomba atauliza amejuaje, na akieleza amejuaje, lile neno "kichwani" litaanguka mbele ya Breki, na Breki hana breki hata ya mdomo.

Akajaribu njia ya mkato. "Mjomba, msumeno huo ni butu."

"Nimebadilisha wembe wake jana."

Marangi akaruka mtaro. "Mjomba, mama anakuita."

"Mwambie nakuja."

Akavuka barabara. "Anasema sasa hivi."

"Amesemaje naye yuko kazini?"

Marangi akawa amefika kibandani kwa Mama Taarifa, mgongo umegusa meza ya sabuni. Hapakuwa na pa kurudi tena. Ng'ambo, mjomba akamsogeza Breki kidogo pembeni, bila kumwinua, akapiga goti. Msumeno ukaanza: kwee, kwee, kwee.

Ndipo Marangi akapaza sauti. "Mjomba, usikate!"

Msumeno ukanyamaza. "Nini?"

"Usikate kufuli."

"Njoo karibu, unanipigia kelele ya nini?"

"Siji karibu. Toka wewe."

Pikipiki ikapita ikinguruma, na Marangi akalazimika kuanza upya, kwa sauti kubwa zaidi. Kuna mambo mtu hutamani kuyanong'ona sikioni, gizani, akiwa amejifunika shuka. Marangi aliyatangaza mchana kweupe, kutoka upande mmoja wa barabara hadi upande wa pili.

"Ile alama sikuitoa kichwani! Nimeiiga!"

Kinyozi akatoka nje na mkasi wake, na nyuma yake akatoka mteja aliyenyolewa upande mmoja.

"Umeiiga wapi?" mjomba akauliza. Sasa na yeye alikuwa anapaza sauti, kwa sababu mwenzake alikuwa mbali.

"Hospitalini. Kwenye mlango wa chumba cha bibi."

"Hospitali wanatengeneza feni?"

"Si feni, mjomba. Ni alama ya hatari. Nesi aliniambia ndani yake kuna mionzi. Nilikudanganya."

"Mionzi gani?"

"Ile iliyomtibu bibi. Walimpa kidogo, kwa kipimo, na nesi mwenyewe hutoka akafunga mlango. Ikizidi inaunguza, na huoni moto."

Mjomba akautazama msumeno. Akalitazama kufuli, ambalo tayari lilikuwa na mkwaruzo unaong'aa. Breki alikuwa bado ameketi, chupa imesimama nusu ya safari kuelekea mdomoni.

"Marangi, mwanangu," Breki akaita, taratibu sana. "Na mtu akiwa amelikalia?"

"Amelikalia muda gani?"

Breki akaitazama chupa. "Soda moja."

"Inuka, Breki."

Hapo Mama Taarifa hakukosea sana. Breki hakuruka juu ya paa, lakini alitoka pale kwa namna ambayo mguu haukuonekana kugusa kizingiti. Mjomba yeye aliulaza msumeno sakafuni kama anayelaza mtoto aliyesinzia, akatoka kinyumenyume, mikono juu, akaangukia mtaroni. Mama Taarifa mwenyewe alikwisha kuingia chini ya meza, akavuta beseni, akajifunika.

"Msiingie dukani!" Marangi aliwaambia waliokuwa wanasogea kuchungulia. "Rudini huku. Kwa kinyozi. Mbali zaidi." Na watu wazima, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, wakamtii.

Akatokea askari wa kituo cha jirani, kofia ameishika mkononi. "Nani anatangaza hatari hapa? Iko wapi? Nionyesheni niikamate."

"Iko ndani ya sanduku, afande," akasema Marangi. "Ila haionekani."

"Nitaisikia."

"Haina sauti."

"Harufu?"

"Haina, afande."

Askari akafikiri. Akavaa kofia yake vizuri, akaenda kusimama nyuma ya kinyozi, akatoa simu. Kumbe kituoni walikuwa wameshaarifiwa. Kampuni inayokagua mabomba ilikuwa imepoteza sanduku mchana huo, na watu walikuwa wakilitafuta barabara nzima kwa vipimo.

Gari la wataalamu likafika upesi. Lilikata kona, likakiona kibao cha mjomba, ukubwa wa mlango, njano tupu. Likafunga breki mpaka matairi yakalia, likarudi nyuma lote mpaka kwa fundi viatu. Waliokuwa ndani walidhani duka zima limejaa hatari, toka sakafuni hadi darini. Ilibidi askari awaendee kwa miguu kuwaeleza kwamba hatari ni moja tu, hayo mengine ni matangazo ya biashara.

Akashuka mwanamke mmoja mwenye ovaroli nyeupe, ameshika kipimo kinacholia tik, tik, tik. Akaingia dukani taratibu, akakizungusha kile kipimo kila upande wa sanduku. Mjomba alisimama karibu na Marangi, suruali imelowa maji ya mtaroni, akitazama viganja vyake kana kwamba anaviaga.

Yule mtaalamu akatoka, akavuta pumzi. "Halijafunguka," akasema. "Chuma chake ni kizito kwa makusudi, kinaizuia mionzi isitoke. Ndani mna kipande kidogo kama punje ya mchele. Mafundi hukitumia kupiga picha za mabomba, waone nyufa zilizojificha. Kikiwa mahali pake ni msaada mkubwa. Kikitolewa nje na mtu asiyejua, akikishika tu, mkono huo huenda usipone." Akamtazama mjomba. "Aliyeshika msumeno ni nani?"

Mjomba akainua mkono aliokuwa bado nao.

"Na kibao hiki, nani alikichora?"

Swali hilo mjomba alilizoea. Mdomo ukamtangulia akili. "Mimi mwenyewe, ni ubunifu wangu."

"Nauliza kwa sababu kibao hicho ndicho kilicholeta sanduku hapa."

"Mimi mwenyewe," mjomba akaendelea bila kupumua, "ndiye mjomba wa aliyekichora."

Watu wakacheka, hata askari. Marangi hakucheka. Akasogea mbele. "Ni mimi. Niliiona hospitalini nikaiiga, nikasema ni yangu. Nilijua maana yake."

Mtaalamu akamsikiliza kinyozi akimsimulia yaliyobaki, akakiweka kipimo chini. Hakugomba. "Sikiliza, binti. Alama hii ina kazi moja tu, kumrudisha mtu nyuma. Ukiitundika penye feni, watu wanaizoea. Wakiizoea, siku hatari yenyewe ikianguka njiani wataibeba mikononi wakitabasamu, kama alivyofanya huyu bwana. Uongo wako ulikuwa mdogo, ukakua ukiwa peke yake, hakuna aliyeuangalia." Akaunyooshea kidole msumeno uliolala sakafuni. "Lakini ulipoona mkono wa mjomba wako uko hatarini, uliichagua aibu. Tena ulisema ukweli ukiwa umesimama umbali unaotakiwa. Wapo watu wazima kazini kwangu ambao hawajaweza yote mawili kwa pamoja."

Kisha akamgeukia mjomba. "Na wewe, fundi. Ulijua sanduku si lako. Ungesema hivyo tangu mwanzo, mzigo huu ungekuwa kituoni, na wewe ungekuwa mkavu."

"Kweli kabisa," mjomba akasema, akikamua mguu wa suruali.

"Na dereva aliyeacha mlango wazi nina mazungumzo naye marefu," mtaalamu akaongeza. Dereva huyo, aliyekuwa ameketi ndani ya gari la wataalamu, akateremka chini zaidi kwenye kiti.

Breki na mjomba walipelekwa hospitalini kupimwa, wakaonekana wazima. Breki alirudi akisema daktari hajawahi kuona damu nzuri kama yake. Akiwa pale, mjomba aliona ule mlango kwa macho yake, na alama iliyokuwa juu yake. Nesi anasema alisimama mbali sana, akaitazama muda mrefu, kisha akaiinamishia kichwa kwa heshima.

Siku iliyofuata kibao kilipakwa rangi nyeupe. Mjomba alikipaka mwenyewe, tabaka juu ya tabaka, mpaka hapakubaki hata kivuli cha mapanga. Marangi alikuja kutoka shule, akavua viatu, akafagia, akatenga skrubu. Mjomba hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma. Hakuwa amemwita "mama" tangu jana yake. Alikuwa akifungua kichwa cha feni, na mazungumzo yake yote alikuwa akiyafanya na bisibisi.

Mama yake Marangi alipita kuwaletea chakula. Alikuwa ameshasikia habari yote, ile ya kweli na ile ya Mama Taarifa. Akawatazama wote wawili, mmoja huku na mwingine kule.

"Mmoja alichukua alama isiyo yake, mwingine akachukua mzigo usio wake," akasema. "Sasa mmenuniana, kila mtu anadhani mwenzake ndiye mkosaji. Kosa lilikuwa moja, mligawana tu. Mtu akiulizwa kitu ni cha nani, ajibu ukweli, hata kama kinapendeza, hata kama hakuna anayemwona. Haya, kuleni kabla hakijapoa." Akaenda zake.

Wakala. Mteja mmoja akapita nje, akatazama ubao mweupe, akaendelea kwenda mpaka kwa fundi wa mwisho wa mtaa. Mjomba alimwona. Marangi naye alimwona.

Marangi akanawa mikono, akaikausha kwenye sketi. Akaja kusimama mbele ya meza ya kazi, mahali ambapo mjomba asingeweza kujifanya hamwoni. Hakupaza sauti safari hii.

"Mjomba, nisamehe. Naomba brashi. Nichore kingine, hapa hapa, nikitazama feni lililo mezani kwako, na wewe ukitazama mkono wangu."

Mjomba akaweka bisibisi chini. Akaichukua brashi kutoka kwenye kopo, akaifuta kwa kitambaa ingawa ilikuwa safi, akazitazama nywele zake moja moja. Akamtazama mpwa wake. Akautazama ubao mweupe kule nje, barabara ikipita chini yake. Brashi ikabaki mkononi mwake kidogo, kisha akamnyooshea. "Haya, mama," akasema.